Baridi ya Januari Mtaa wa Sikukuu

Marcelino, mzaliwa wa Machame, alifika Japani mara moja tu, miaka ile biashara ilipofunguliwa, akanunua vipuri vya magari yaliyotumika. Alikaa juma moja, tena la theluji, lakini aliporudi Kariakoo alikuwa bingwa wa majira yote manne. Mteja aliyekuja kuulizia klachi aliondoka amesikia habari za maua ya miti ya micheri, vitumbua vya mchele vinavyofungwa kwa majani ya miti hiyo, na watu wanaoketi nje kuutazama mwezi mavuno yakikaribia. Yote hayo alisimuliwa na mwenyeji wake, Bwana Nomoto. Alichokiona mwenyewe ni baridi.

Basi Nomoto alipokuja Dar, Januari, Marcelino alikata shauri kumfanyia kama alivyofanyiwa: meza fupi, blanketi juu ya miguu, moto chini yake, na supu katikati. Mkewe, Josepha, alimkumbusha kwamba kwa joto lile hata paka alilala sakafuni amejinyoosha. Marcelino akamjibu, "Wewe hujafika Japani."

Jiko la mkaa likaingia chini ya meza. Nomoto akaketi, akanywa supu ya samaki na figili, jasho likimtiririka mpaka kwenye tai. Marcelino alipoiona tai imelowa alijisifu moyoni kwamba mgeni amestarehe. Kisha pindo la blanketi likaanza kufuka moshi. Josepha akamwaga jagi la maji, na sehemu kubwa ikampata mumewe.

Nomoto akashusha pumzi, akasema polepole kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Bwana Marcelino, kwetu mtu hula majira ya pale alipo. Hapa sasa mnakula nini?"

Majira ya Wajapani bingwa aliyajua yote, mpaka siku theluji inapoyeyuka. Ya kwao hakuwahi kuyatia akilini. Akamgeukia mkewe.

"Maembe," Josepha akasema. "Tena yanaelekea kwisha."

Wakashuka mtaani, Marcelino na suruali yake iliyolowa. Muuza maembe alipomuuliza kimemsibu nini, hakuona pa kujificha. Akasimulia yote, akajiita Mjapani wa Machame, na alipofika kwenye jagi alicheka mpaka akaegemea mkokoteni. Nomoto hakuelewa hata neno moja. Alikuwa ameshavua tai, maji ya embe yakimchuruzika viwikoni, naye akinyoosha mkono kuomba jingine.