Filamu Niliyoipinga Kabla ya Kuiona

Barua ya kuilaani ile filamu niliiandika mimi. Sikuwa nimeiona, wala sikuona haja. Nimekuwa mkunga miaka ishirini na miwili, leo nije nifundishwe kazi yangu na mshika kamera? Wenzangu kumi na saba wakatia sahihi, gazeti likaichapa pamoja na picha yangu nimenuna.

Hadithi yenyewe kila mtu aliijua hata bila kuitazama: mkunga anabadilisha watoto wawili, wa tajiri kwa wa maskini, na siri inakuja kufichuka siku ya harusi. Wapo waliolia, wapo waliotaka ipigwe marufuku. Wodini kwetu ilituletea balaa. Mama mmoja alikuja kujifungua na kichupa cha rangi ya kucha, ili mtoto akitoka tu apakwe kidole gumba cha mguu. Baba mwingine alimwandika mwanawe jina kwenye unyayo kwa kalamu ya wino. Na sisi pale mtoto tunamfunga mkononi utepe wenye jina la mama yake kabla hajatoka chumbani! Watu wana mambo.

Hayo niliyavumilia. Kilichonipandisha hasira ni wifi yangu, mke wa kaka, aliyekuwa na mimba ya pili ya miezi tisa. Kaka alinipigia simu akiumauma maneno.

"Dada, usichukie. Mwenzangu anataka safari hii akajifungulie kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Kokote. Ila asizalishwe na wewe."

"Kwa sababu ya sinema? Nimwibie mtoto wa damu yangu nimpeleke wapi?"

"Ongea naye mwenyewe," akasema, akakata.

Uzazi wa kwanza wifi alitoka damu nyingi sana, nusura tumpoteze. Hospitali nyingine iko mwendo wa saa mbili kwa gari. Safari hiyo ingeweza kumuua, na niliogopa.

Nikaamua kuitazama hiyo filamu, nikamwonyeshe uongo wake mmoja mmoja. Siku yangu ya mapumziko, mchana, nikajifungia chumbani na daftari. Nikaandika: hakuna aliyevaa glavu. Nikaandika: huyo mtoto "mchanga" ana miezi minne kama si mitano. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Kisha, watoto hawajabadilishwa bado, kuna mwanamke analia kwa uchungu. Mkunga anampiga kofi la paja. "Wakati unaitafuta hiyo mimba, ulilia?" Wakunga wengine wanacheka, mambo yanaendelea. Sekunde kumi tu. Katika kelele zote za magazetini, sehemu hiyo hakuna aliyeitaja. Nami sikupata la kuandika, maana hapo hawakukosea kitu, hata kile kicheko. Nikazima.

Jioni hiyo nilimkuta wifi anakunja nguo za mtoto kitandani.

"Wifi, unaogopa nitakubadilishia mtoto?"

Akacheka. "Na hiyo pua yenu, nani atamtaka?"

"Basi ni nini?"

Akaendelea kukunja. "Ulisema nikizidi kupiga kelele utaniacha nizae peke yangu. Nikanyamaza. Damu ilipoanza kutoka nilijisikia nalowa, nikaogopa kukuita."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Hukumbuki?"

Sikukumbuka. Siku ile nilizalisha wanawake watano, na miaka yote hii nimejisifu kwa kaka kwamba mkewe nilimwokoa mimi. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama usoni. Nilitaka kumwambia kwamba wodi ilikuwa imefurika, kwamba tulikuwa wawili tu, kwamba ni maneno ya kazini. Yote ni kweli, na sikuyasema.

"Nisamehe, wifi."

"Nilishakusamehe. Lakini nikikuona pale, sitaweza kuita."

"Usiende mbali, nakuomba. Nitampanga yule mwenzangu mpole, mwenye miwani. Mimi sitaingia."

"Hutaingia kabisa?"

"Kabisa."

Uchungu ulimshika asubuhi ya Jumanne. Nikakaa na kaka kwenye benchi la nje ya chumba cha kujifungulia, nimevaa nguo za nyumbani. Sikuwahi kukalia benchi hilo, na ni gumu kweli. Kila wifi alipopiga ukelele, kaka alinitazama. Hatimaye tukasikia mtoto. Kaka akasimama, akanikumbatia.

Halafu wifi akaita tena, kwa sauti ya kupasua paa: "Nesi! Njoo! Damu!"

Miguu yangu ilishainuka. Kaka akasema, "Nenda, dada!" Nikashika kingo za benchi kwa mikono miwili, nikajikalisha. Mle ndani nilisikia hatua za mbio, chuma kikigonga sakafu, na sauti ya mwenzangu ikisema, "Nipo, mama, nipo hapa."

Sijui tulikaa muda gani. Mwenzangu alitoka akifuta miwani, jasho likimtiririka usoni.

"Wifi yako ana kelele!" akasema. "Nilikuwa nimegeuka kumpima mtoto. Asingeita, ningechelewa. Sasa damu imekata, wote wazima."

Kaka akaingia mbio. Mimi nikabaki pale kwenye benchi nikalia, kwa sauti, kama mtoto, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.