Fulana za Tavarius

Kwetu Memphis mtu akifa, fulana zake hutoka kabla ya jeneza. Mimi ndiye ninayezichapa, kwenye gereji ya mama: picha ya marehemu kifuani, juu yake siku jua lilipochomoza, yaani alipozaliwa, chini yake siku jua lilipozama. Vijana wa rapu ndio wateja wangu wakubwa, na sijawahi kuifurahia biashara wanayoniletea.

Jumatatu ile iliingia oda kutoka namba nisiyoijua. Fulana nyeusi, nyingi. Nikaifungua picha. Alikuwa Tavarius, mdogo wangu, ambaye wakati huohuo alikuwa jikoni anakula mbawa za kuku za jana. Jua lilizama: Jumamosi hii.

Tangu majira ya baridi nilikuwa naiogopa siku kama hiyo. Tavarius alitoa wimbo wa kumchana Deuce Whitlow, rapa wa ng'ambo ya reli, na ndani yake akamcheka Rodarius, kaka yake Deuce, aliyekwisha kuzikwa. Akamtaja kwa jina. Hapa unaweza kumtukana mtu, gari lake na demu wake, mkakutana dukani mkapitana. Marehemu wake haguswi. Gari letu likamiminiwa risasi mbele ya nyumba, na mama akahamishia kitanda chake koridoni, mbali na madirisha.

Nikamwekea Tavarius simu usoni. "Wanataka kukuua Jumamosi. Na wameniagiza mimi nichape."

Akatazama, akalamba vidole, akacheka. "Dada, hiyo oda yangu. Nimetumia simu ya mshikaji."

"Yako?"

"Albamu inatoka Jumamosi. Inaitwa Jua Limezama. Watu wakiona fulana watasema Tav kafa, mtandao utawaka. Halafu napanda jukwaani mzima kabisa. Wenzangu wana makampuni nyuma yao, dada. Mimi nina wewe na mashine yako."

Nilimpiga na taulo la vyombo, kichwani, mgongoni, mpaka mkono ukachoka. "Umejipangia siku ya kufa, mjinga wewe. Umempa Deuce na tarehe."

"Deuce ana mdomo tu."

"Yale matundu kwenye gari kayatoboa kwa mdomo?"

Hapo aliuweka mfupa chini. Nikaona pa kupenya. Nikambembeleza afute tarehe, akakataa. Nikapiga magoti pale jikoni, mtu mzima mimi, nimeshika suruali ya mtoto niliyembadilisha nepi. Akaniinua taratibu. "Usiponichapia wewe, kuna yule jamaa wa sokoni. Dada, nikikosa hii sina kingine. Nikishatumbuiza naondoka, naenda kwa shangazi St. Louis. Na Rodarius simtaji tena. Naapa kwa kaburi la bibi."

St. Louis ndiyo iliyoniponza. Nilimwona akiwa hai huko, ananenepa, anamsumbua shangazi. Nikawasha mashine. Kila nilipoibana fulana nilimwona ananichekea kutoka kwenye kitambaa kikiwa bado cha moto, nami nikawa naigeuza upesi isinitazame.

Ziliuzwa zikaisha kabla ya Ijumaa. Tavarius akatangaza mtandaoni kwamba mwenye fulana ni familia, aje moja kwa moja mpaka jukwaani awe kwenye video. Nilipomuuliza nani atawapekua watu, alinishangaa. "Unampekuaje ndugu yako?"

Jumamosi mchana uwanja wa kuoshea magari, lilipojengwa jukwaa, ulijaa. Moshi wa nyama, spika zinatikisa vioo, na kila nilikogeuka namwona mdogo wangu kifuani kwa mtu, na tarehe ya siku hiyohiyo chini ya kidevu chake. Mabaunsa niliowaomba kwa machozi walikuwa getini, wanawapekua wenye mashati ya kawaida. Wenye fulana walipita wakipigwapigwa mabegani kama ndugu.

Mimi nilikuwa mezani nauza CD. Vijana watatu wakanipita, fulana bado zina mistari ya mikunjo. Wa mwisho alijikuna shingo, na hapo nikaisoma tatuu yake, herufi kubwa: RODARIUS.

Niliiangusha meza. Niliita Tav, nikaita mpaka koo likachanika, na spika zikaimeza sauti yangu yote. Yeye alikuwa jukwaani anang'aa kwa jasho. Aliwaona wanapanda, akaziona fulana, akafungua mikono yote miwili amkumbatie wa kwanza.

Risasi zikalia, akaanguka, nami nikamfikia. Nilimshika kichwa, nikamwambia shangazi anamsubiri, chumba kipo tayari, asilale. Wenye fulana walikuwa wanakimbia pande zote, na hakuna aliyejua ni yupi wa kumkamata.

Siku ya pili simu zikaanza. Watu wanataka fulana za msiba. Mama alikuwa koridoni, amekaa kitandani. "Shavonda," akaniambia, "mchapie mwanangu vizuri."

Gereji ilikuwa bado inanuka wino. Nilikuta boksi moja lililosahaulika nyuma ya mashine, nikaitoa fulana ya juu na kuitandaza mezani, natafuta cha kurekebisha. Picha ni ile aliyoichagua mwenyewe. Tarehe ilikuwa sahihi. Nikamtafutia mama saizi yake.