Mkasi wa Kupewa

Unatazama pembeni. Usikatae, nakujua. Mtu akinyauka mbele yako, ghafla unakumbuka una kazi. Akienda kutafuta tiba, macho yanakutoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Basi leo tazama huku.

Karakana yetu hushona sare za shule. Mimi ni mpiga pasi, na sisahau. Namkumbuka Kifungo, fundi wa matundu ya vifungo, alivyoanza kugawa vitu vyake: tepu ya kupimia, mto wa kiti, mwishowe mkasi. Fundi hamwazimi mtu mkasi wake wa kitambaa, maana mjinga mmoja akikatia karatasi, makali yamekwisha. Kifungo aliutoa huku akitabasamu. Wakasema Mungu amempanua moyo. Juma halijaisha, tukalibeba jeneza lake begani. Aliyepewa mkasi akaendelea kukatia, na hakuna aliyeuliza.

Ndiyo maana nywele zilinisimama Mama Kola alipoanza.

Mama Kola hushona kola, na zamani alishona huku akiimba chinichini wimbo usio na mwisho. Wimbo ulikatika. Chakula chake kilirudi nyumbani kama kilivyokuja. Kola moja aliishona, akaifumua, akaishona tena, machozi yakidondokea kitambaa bila sauti. Huyu akamwambia asali, yule akamwambia ajikaze. Kisha akagawa tepu. Kisha mto. Kisha mkasi, akampa Mkataji, mume wa mdogo wake.

Mkataji akakata nao hewani, kacha, kacha. "Shemeji, umenirithisha ungali hai," akasema. Karakana nzima ikacheka. Mama Kola naye akacheka, nyuma ya wote, na kicheko kile sikukipenda.

Ng'ambo ya ua kuna zahanati, na kila Jumatano huja mshauri wa magonjwa ya moyo mzito. Wanaomsubiri hukaa kwenye benchi linalotazamana na dirisha letu. Mafundi wameliita benchi la waliofyatuka. Mama Kola aliwahi kulikalia. Mkataji akapiga mluzi, naye akainuka, akarudi akidai alifuata dawa ya kichwa. Mluzi mmoja tu.

Jumatano iliyofuata ule mkasi, niliweka pasi chini nikamfuata bombani. Sikuzunguka mbuyu.

"Mama Kola, unafikiria kujiua?"

Aliyatazama maji yakifurika ndoo. "Nani kakwambia?"

"Mkasi."

Akakaa kwenye ngazi. Akanieleza kwamba ni mzigo kwa mdogo wake, kwamba nyumba ile itapumua akiondoka. Alisema polepole, kama mtu anayesoma bei za dukani. Sikumhubiria. Nilimshika mkono tukavuka ua, nikakaa naye benchini, dirisha likajaa nyuso. Mluzi ukaja. Niliwakodolea macho mpaka wakaona haya.

Mshauri hakumwambia ajikaze. Alimwambia huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, na unasema uongo kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe. Kwa idhini yake akamwita mdogo wake, ili siku zile asiachwe peke yake. Kisha, Jumatano baada ya Jumatano, wakalichukua lile neno "mimi ni mzigo" wakalifumua uzi kwa uzi: nani kasema, lini, na mdogo wako ukimuuliza anajibu nini? Wakapanga mambo madogo: kuoga asubuhi, kula na mtu, kuimaliza kola hii kabla ya kuiwaza ile. Siku nyingine alitoka macho yamevimba kuliko alivyoingia. Muujiza haukuwepo. Lakini wimbo ulirudi, umepinda, hauna mbele wala nyuma.

Juma lililopita akasimama mbele ya Mkataji, akaomba mkasi wake.

Unaelewa? Anayeondoka haombi vyombo vya kazi.

"Cha kupewa hakirudi, shemeji," Mkataji akajibu. "Au benchi linafundisha kudai?"

Wakacheka. Mama Kola akakunja mkono wake mtupu, akarudi kwenye cherehani, na wimbo haukusikika tena.

Leo Jumatano benchi lilikuwa tupu. Mdogo wake Mama Kola akaja mbio: dada ametoka nyumbani mapema, simu haipokei. Mafundi wote wakakumbuka wana kazi. Nilimpokonya Mkataji ule mkasi mkononi. Hakubisha, uso wake ulikuwa majivu. Tukatoka, mdogo mtu akiita jina la dada yake kila kona.

Tulimkuta nyuma ya ukuta wa zahanati, amesimama wima, kipaji cha uso kwenye tofali. Alikuwa amekuja kumwona mshauri. Kupita mbele ya dirisha letu ndiko kulikomshinda.

Nikampa mkasi. Akapitisha kidole kwenye makali, mara mbili.

"Amekatia karatasi, mshenzi yule," akasema.

Mdogo wake akalia. Tukamzunguka huku na huku, tukapita mbele ya dirisha, akaingia kwa mshauri.

Usishangilie. Dirisha bado lipo, na nyuso zake. Na niliporudi kwenye pasi yangu, fundi wa mifuko, kijana asiyesema na mtu siku hizi, alikuwa anampa jirani yake kastabini yake ya kidoleni. Jirani anashukuru.

Nimekwisha inuka kumwendea. Wewe je? Nani kwenu amenyamaza? Nani amekupa kitu chake ukasema asante? Weka chini karatasi hii. Mrudishie. Muulize kwa maneno yaleyale niliyomuuliza Mama Kola, bila kuzunguka, kisha mpeleke kwa mshauri, ukae naye benchini watu wakiona. Usingoje kesho. Inuka.