Tundu Aliloliona Mkaguzi

Mkaguzi wa karakana alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko mke wake: hapendelei. Siku ya mtihani wa kuchomelea, vipande vya chuma vilipangwa mezani bila majina, nambari tupu kwa chaki, ili jicho lake lisimjue mtu. Alichokipitisha kwa tochi kilikwenda kupindwa kwenye jeki, na kisipopasuka, aliyekichomelea anaajiriwa papo hapo. Alichokikataa hakikufika huko.

Mdogo wake alikuwa kwenye foleni. Tangu aachishwe kazi, mkewe alikuwa amerudi kwao, na ameapa kwamba hatatia mguu kwa mume mpaka mume apate kibarua. Wenzake wakamtania: leo mcheza kwao atatunzwa, hata glavu asingejisumbua kuvaa. Akacheka nao. Mkaguzi akasikia.

Akafika kwenye kipande kimoja, akasimama. Mshono ulilalia kushoto, umebanana kama magamba ya samaki. Mwenye mkono wa kushoto pale alikuwa mmoja tu, na aliyemfundisha kuchomelea ni mkaguzi mwenyewe. Vingine alivitazama kwa pumzi moja. Hiki alikimulika, akakigeuza, akakimulika tena. Mtafuta hachoki, na akichoka keshapata.

"Kina tundu," akasema, akakitupa kwenye vyuma chakavu.

Mdogo mtu akakiokota. Akaomba kwa adabu, akimwita bwana mkaguzi kama wengine, aonyeshwe lilipo. Mkaguzi akagusa kwa ncha ya bisibisi. Mdogo mtu akapapasa pale kwa kidole. Laini.

"Kaka, hapa hapana kitu."

"Nyani haoni kundule. Huwezi kuliona kwa sababu ni lako."

"Na wewe umeliona kwa sababu ni langu."

Mkaguzi akawaita kwa nambari watatu ambao vipande vyao vilikuwa bado kukaguliwa, akawauliza wanaona nini. Wa kwanza akasema anaona kama kivuli. Wa pili akaona tundu. Wa tatu, yule aliyetania kuliko wote, akaona matundu mawili, mpaka mkaguzi mwenyewe akamkodolea macho.

Mdogo mtu hakungoja wa nne. Akakipeleka kipande kwenye jeki, akapampu kwa mikono yake. Chuma kikalia, kikajikunja mpaka ncha zake zikatazamana. Mshono ukabaki mzima. Akamletea kaka yake, bado kina joto.

Mkaguzi akakigeuza kiganjani. Kwa kitambo uso wake ukawa ule wa nyumbani. Kisha akainua macho, akaona foleni nzima inamtazama yeye, si chuma.

"Chuma kimekuonea huruma," akasema. "Mimi sina ruhusa hiyo."

Wakampigia makofi. Mmoja akasema kwa sauti kwamba huyu ndiye mtu wa haki, hata damu yake haijui.

Mdogo mtu akavua glavu, akaziweka mezani.

"Shemeji yako nimwambie nini?"

"Mwambie kina tundu."

Akatoka. Mkaguzi akavuta kipande kilichofuata, cha yule aliyeona matundu mawili, akakipitisha bila kuwasha tochi.