Farasi Mweupe wa Coldharrow

Mabango ya treni msiyaamini, na mtu anayeyasifu mno msimwamini zaidi. Nawaambia wenzangu mlio na mabinti waliokwisha kuanza kazi, maana mie nilikaribia kumpoteza wangu mbele ya bango nililokuwa nikilipita kila siku niendapo sokoni.

Bango lenyewe lilibandikwa kituo chetu cha Bow, hapa London, mwezi wa Aprili. Mnayajua yalivyo. Ukutani kumejaa masizi, nje mvua, halafu hapo katikati kuna kilima cha kijani kibichi, nyumba yenye mlango mwekundu, maua ya buluu chini ya miti, farasi mweupe kwenye lango, na juu kabisa kinu cha upepo, mabawa yake meupe kama shuka zilizofuliwa. Chini wameandika: Coldharrow, Jumapili, nauli nafuu.

Binti yangu Hetty, miaka kumi na saba, anafunga chupa kwenye kiwanda cha jemu. Alilipenda bango lile kama wengine wanavyopenda sinema. Na hapohapo mbele ya bango ndipo alipozoeana na Cyril Pask, kijana wa kuuza soksi za wanawake mlango kwa mlango, nywele zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa. Akamwambia yeye hupanda treni kila Jumapili kwenda kutembea mashambani, akamwalika waende pamoja Coldharrow. Alf, mume wangu, akasema hakuna ubaya, hewa safi itamfaa mtoto. Nami nikakubali, ila roho haikutulia.

Jumapili ya kwanza Hetty alirudi na shada la maua ya buluu. Nikamuuliza kulikuwaje.

"Kuzuri, Mama. Kuna nyumba ina mlango mwekundu. Na kinu. Na farasi mweupe amesimama langoni."

Jumapili ya pili, kinu na farasi. Ya tatu, farasi yuleyule, lango lilelile.

Alf akaweka kikombe chini. "Huyo farasi wamempigilia misumari? Wiki tatu hajaenda hata kukojoa?"

Hetty akacheka, lakini alinitazama mimi kwanza kabla ya kucheka. Hilo nililiona.

Tena yale maua. Kila Septemba tangu utotoni nimekwenda Kent na mama yangu kuchuma mimea ya kutengenezea bia, kama familia nyingi za mtaa wetu, na shamba nalijua. Ua la porini ukilichuma linalegea kabla hujafika kituoni. Ya Hetty yalifika yamesimama wima, yamefungwa kwa uzi kama wanavyofunga wauza maua wa mjini. Na viatu vyake havikuwa na tope, wakati wiki nzima mvua ilikuwa imenyesha.

Sikusema kitu. Ukimshika mtoto wa umri ule kabla hujawa na hakika, anakuponyoka. Jumatano nikamwambia Alf naenda kumtazama dada yangu, nikapanda treni, nikabadilisha, nikaenda mpaka mwisho wa njia.

Coldharrow ipo. Mlango mwekundu upo, ingawa rangi imebabuka. Lakini kilimani palisimama kisiki cha matofali meusi, hakina bawa hata moja. Karibu na lango mama mmoja alikuwa akiuza chai dirishani kwake. Nikamuuliza kinu kiko wapi.

"Na wewe pia," akasema, akinimiminia. "Kiliungua kabla ya vita, bibie. Huyo mchoraji wa bango alikaa hapo ulipokaa, akaniuliza zamani kilikuwaje. Nikamweleza, akachora maneno yangu. Sasa kila mtu wa London anayeshuka hapa ananigombeza mimi."

"Kila mtu?"

"Hajapita hata mmoja asiyenung'unika."

Nikakirudisha kikombe dirishani. Wangu alikuwa amekuja mara tatu na hajanung'unika.

Jioni nikawa namenya viazi, Hetty ananisaidia. Nikamuuliza kama mtu asiye na haja ya jibu, "Kile kinu chenu, mabawa yanazunguka?"

"Yanazunguka, Mama. Polepole."

Basi alikuwa wapi? Hilo swali lililala nami Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi nilipokuwa naandaa kikapu chake cha mkate na mayai, nikainua kitambaa cha chini nikipanguse. Chini yake kulikuwa na gauni lake la kulalia na brashi ya nywele. Mtu haendi matembezini na gauni la kulalia. Safari ya kesho haikuwa ya kurudi.

Nikamwita jikoni nikafunga mlango, baba yake asisikie. Nikamweleza kinu kilichoungua. Akachezea ncha ya aproni.

"Alisema tutakwenda wiki ijayo," akasema mwishowe. "Kila mara ni wiki ijayo. Tunashukia Clapham, hapahapa mjini, kwa shangazi yake."

"Anafananaje, huyo shangazi?"

"Sijamkuta, Mama. Huwa katoka." Kisha, kwa sauti ndogo: "Anasema kesho nihamie. Ndoa itafuata."

Mkono uliniwasha, lakini nikaushika. "Mlango sitaufunga," nikamwambia. "Ila kesho mwombe kitu kimoja. Mwambie leo ni Coldharrow."

Asubuhi nilisimama nyuma ya kibanda cha magazeti, kofia nimeivuta mpaka machoni. Cyril alikuwa chini ya bango, tiketi mkononi tayari.

"Leo nataka Coldharrow," Hetty akasema.

"Coldharrow kuna nini, mpenzi? Ng'ombe na matope."

"Kuna kinu."

"Basi kitazame hapo," akasema, akiligonga bango kwa kidole. "Hakina kiingilio." Akaushika mkono wa kikapu. "Twende, shangazi kaandaa chai."

"Jina lake nani?"

Akacheka. Jina hakulitaja. Hetty akakiachia kikapu, akaenda dirishani kukata tiketi yake mwenyewe.

Nikatoka kibandani. "Nipe kikapu changu, baba," nikamwambia Cyril. "Nguo zilizomo si saizi yako."

Akakitua miguuni pangu. Nilipanda behewa lilelile na binti yangu, tukatazama dirishani mpaka nyumba zikaisha.

Mvua ilitunyeshea. Mama wa chai alinikumbuka, akatupa mkate wa moto. Hetty alipanda kilimani peke yake, akakizunguka kisiki, akakipapasa. Aliporudi viatu vyake vilikuwa vizito kwa tope, na uso umevimba kwa machozi.

Usiku Alf akamtania kama kawaida. "Farasi je? Bado kasimama?"

"Hakuna farasi, Baba. Alikufa. Yupo punda, anauma. Na nyuma ya nyumba kuna zizi la nguruwe, linanuka mpaka unasahau jina lako. Yule mama wa chai ana jino moja la dhahabu. Halafu kuna kijito, nimetumbukia mguu mmoja…"

Akaendelea hivyo mpaka chakula kikapoa. Hata kimoja katika hivyo hakikuwamo kwenye bango. Niliendelea kukwangua tope la viatu vyake kwa kisu, na nilikwangua taratibu.