Shuka Jeupe Uwanjani

Solange Kerbrat alipaa saa kumi na moja alfajiri, ndege ikijikokota kwa uzito wa mafuta, akaanza kuzunguka juu ya mashamba ya ngano ya Beauce. Mpaka siku ile hakuna mwanamke aliyewahi kukaa angani peke yake zaidi ya saa thelathini na saba. Yeye alitaka kuzipita, tena safari hiyohiyo, kwa kuwa ndege ilikuwa ya kuazima na ilipaswa kurudi kwa mwenyewe wiki ileile.

Chini alibaki fundi wake, Firmin, mtu wa maneno machache na sigara nyingi. Walikubaliana ishara moja tu. Mama yake Solange alikuwa amelazwa hospitali ya Chartres. Hali ikiwa mbaya, Firmin atandike shuka jeupe uwanjani. Shuka lenyewe lilitoka kabatini kwa huyo mama.

"Usilitandike kwa mchezo," Solange alimwambia. "Nitashtuka nikuangukie wewe na hiyo kofia yako mbovu."

"Angukia kofia, bosi. Mimi niache."

Saa nne asubuhi Firmin alitia mkono mfukoni kutafuta kiberiti, akatoa ufunguo mdogo wa shaba. Akatazama juu, ndege ilikokuwa ikizunguka. Nyuma ya kiti cha Solange kulikuwa na kisanduku chenye kalamu ya kuchora safari nzima kwenye karatasi iliyozungushwa na saa ya kujazwa kwa ufunguo ule. Bwana Vasseur, msimamizi wa rekodi, alikuwa amekwisha kukipiga lakiri, kisifunguliwe hadi ndege itue. Bila karatasi ile hakuna rekodi, hata ukae angani mwezi. Na Firmin hakukumbuka kuijaza saa.

Angetandika shuka palepale, ndege ishuke, waanze upya kesho yake. Aliona haya. Akajidanganya kwamba labda aliijaza, akasahau. Mficha uchi hazai, lakini tangu lini mwenye haya akasikia methali? Alinyamaza kutwa, akanyamaza usiku kucha.

Asubuhi ya pili, saa mbili, ikaja simu ya maandishi kutoka Chartres: mama anamwita Solange. Firmin alitandika shuka mbio, na Mungu amsamehe, moyoni alifurahi. Sasa atashuka, na kosa litafichika.

Ndege ilishuka chini sana, Firmin akauona uso wa Solange ukilitazama shuka. Kisha ikapanda tena.

Alitua saa kumi na mbili na nusu jioni, macho mekundu, hawezi kusimama.

"Amekufa?" alimwuliza Firmin.

"Saa sita mchana."

"Nililiona shuka, Firmin. Nikasema zimebaki saa kumi tu, mama atanisubiri. Maisha yake yote alinisubiri."

Vasseur alikata lakiri, akafungua karatasi. Kulikuwa na mstari mmoja tu, umepanda na kushuka palepale pa kuanzia.

Firmin alitoa ufunguo, akauonyesha kiganjani.

"Ulijua lini?" Solange aliuliza.

"Jana asubuhi."

Hakumtukana, na Firmin angeshukuru kutukanwa. Solange alilitazama shuka lililokuwa bado nyasini, limeloa umande na kukauka juani.

"Likunje vizuri," alisema. "Nikamfunike nalo."