Viti Kumi na Viwili

Alhamisi Ulderico angetimiza miaka ishirini na mitano, na siku hiyohiyo angeacha kuwa raia. Ndivyo ilivyokuwa sheria ya mji wa Papa tangu mkataba wa mwaka 1929 ulipoufanya dola: hakuna anayeurithi uraia kwa damu. Unaupata kwa kazi, na kazi ikiisha, nao umekwisha. Mtoto wa kiume hukaa kwa jina la baba yake mpaka umri huo, kisha hutoka nje ya ukuta, aingie Roma. Na katika Roma ya Januari 1944, Wajerumani walikuwa wakikamata vijana barabarani na kuwapakia kwenye malori.

Jumatatu asubuhi Settimio alimchukua mwanawe mpaka kwenye karakana ya picha zinazoundwa kwa vipande vya vioo vya rangi, alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja, akamsimamisha mbele ya Corrado Tolomei, msimamizi.

Wazee hawa wawili hawakuwahi kunywa kahawa pamoja. Babu yake Settimio alikuwa askari wa mfalme. Mwaka 1870 aliingia Roma kupitia tundu lililotobolewa ukutani kwa mizinga, siku Papa aliponyang'anywa mji wake, na Papa akajifungia ndani ya kasri lake. Babu yake Corrado, fundi wa rozari, siku hiyo alifunga ubao mmoja wa mlango wa nyumba yake wenye mbao mbili, kama mtu aliyefiwa. Ubao ule haukufunguliwa kwa miaka hamsini na tisa, mpaka ulipotiwa sahihi ule mkataba. Corrado alikua akiingia kwao kiubavu.

"Mjukuu wa tundu," alisema Corrado bila kuinua macho. "Leo umeniletea na kitukuu."

"Nimekuja kumwombea kazi."

"Babu yako alikuja kuufuta mji huu. Zimebaki ekari mia na kidogo, mtu anazizunguka kwa miguu kabla supu haijapoa. Leo ndizo mnazotaka ziwafichie mtoto?"

"Ndiyo," alisema Settimio. Hakuona jibu jingine lililo kweli.

Corrado alimsukumia kijana kipande cha picha ya zamani, shavu la mtakatifu, lenye rangi kumi na mbili za ngozi. Makabati ya vioo yalikuwa mwisho wa chumba, yenye maelfu ya rangi. Sampuli hairuhusiwi kutoka mezani. Rangi unaibeba kwa jicho. Ulderico alitazama rangi, akaenda, akarudi na kioo, mara kumi na mbili. Mafundi waliacha kazi wakamwangalia.

Corrado alilowesha kidole kwa mate, akapaka kila kioo, akakishika kwenye mwanga wa dirisha. Kimoja alikitupa chini.

"Hii ni ngozi ya maiti."

"Kumi na moja," alisema Settimio. "Wewe ulipojaribiwa ulipata tisa."

Mafundi walicheka. Corrado aligeuka mwekundu hadi masikioni.

"Jicho analo, sikatai," alisema taratibu. "Ila humu mna viti kumi na viwili na matako kumi na mawili. Nafasi hakuna. Labda mmoja ainuke."

Settimio alielewa. Atakayeinuka ataacha nyumba, mkate wa mgao na ukuta wenyewe, yeye na mke wake. Lakini malori hayakuwa yakitafuta wazee wa miaka sitini na mitatu. Alijiuliza kama Corrado amesema hivyo kwa chuki au kwa sababu viti kweli ni kumi na viwili. Hakuweza kuamua.

"Nipe karatasi."

"Baba, usithubutu!" Ulderico alimshika mkono. "Mama je?"

"Mama yako ndiye aliyeniambia nisirudi bila nafasi."

"Hakumaanisha yako!"

"Hakutaja ya nani."

Aliandika akiwa amesimama, mistari minne, akatia sahihi. Corrado alisoma mara mbili.

"Umeweka tarehe ya leo. Weka ya keshokutwa, mpate mkate wa siku mbili zaidi. Kijana naye aanze siku hiyo, kabla ya Alhamisi yake." Settimio alipofungua kinywa, Corrado alimkatiza. "Usinishukuru. Sura yako nimeitazama miaka thelathini na mmoja, imetosha."

"Sikuwa nakushukuru. Nilitaka kukuambia kalamu yako inavuja."

Mafundi hawakucheka safari hii. Settimio alirekebisha tarehe, akavua aproni.

"Na wewe, kitukuu," Corrado alifoka, "kaa hapo nione kama kiti kinakutosha, au unangoja kuimbiwa?"

Ulderico hakukaa. Alimtazama baba yake kama mtu aliyeibiwa. Settimio alimshika mabega yote mawili, akamkandamiza kitini kwa nguvu zake zote, akamshikilia hapo mpaka kijana alipoacha kusukuma.